Trekta Lisizimwe

Njooni hivyo hivyo na grisi zenu, wanangu, msipoteze muda kunawa, mashuka haya yatafuliwa nikishaondoka. Mkubwa, kaa hapo kwenye kigoda. Binti yangu, nyanyua huu mto kidogo nipate pumzi. Na wewe kitindamimba, tia hiyo simu mfukoni, leo haina la kutuambia. Mwacheni fundi peke yake uani aendelee kulizunguka trekta na kulitukana, maana akitukana ndiyo anafikiri. Nataka kusema nanyi watatu mkiwa pamoja, mlango wazi na dirisha wazi, ili huku nasema huku nasikia kinachoendelea nje. Jana muuguzi alipomaliza kunipima aliwaita ukumbini akanong'ona nanyi, akidhani ukuta wa nyumba hii hausikii. Mapafu yangu yamejaa maji, sikuhitaji kunong'onewa, mimi ndiye ninayeivuta hiyo hewa.

Ninao wosia wa kuwapa, na nilikuwa nimeupanga vizuri kichwani, wa nyumba, wa ng'ombe, wa vifaa, na maneno matamu ya kuagana ambayo mngewasimulia watoto wenu, lakini hautoki. Kila nikifungua kinywa nasikia spana ikianguka kwenye mawe, na namsikia fundi akizungusha hendeli ya kuwashia, na nasikia ule ukimya unaofuata, na maneno yote yananikauka. Naogopa, wanangu. Siogopi kufa, kufa nimeshakuzoea tangu mvua zilizopita, naogopa kufa kabla ya lile trekta kuwaka.

Mnajua kwa nini, lakini nitalirudia ili kesho asitokee mmoja wenu akasema hakusikia. Nyumba hii ina hati, imo kwenye sanduku chini ya kitanda hiki. Bonde halina hati na halijawahi kuwa nayo. Bonde ni la anayelilima, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yangu, na mwenye kuliacha misimu miwili mfululizo anakuja kutembelewa na kamati ya ardhi, wanasimama pale kwenye njia, wanatazama kwa macho yao, na wakikuta majani matupu wanampa mwingine. Baba yangu naye alilipata hivyo hivyo, kwa mtu aliyelitelekeza, kwa hiyo siwezi leo kusimama nikasema sheria ni mbaya, sheria hiyo imenilisha. Mama yenu alipotutoka hatukulima, na msimu uliofuata hatukulima tena, na leo kamati inapita kabla jua halijazama. Mwenyekiti wao ni mtu wa haki. Amesema akikuta hata nusu ya bonde limefunguliwa, udongo umegeuzwa na unaonekana mweusi, neno limekwisha, bonde linabaki kwetu. Akikuta matete linakwenda kwa mwenye kinu, ambaye hata kulilima hatalilima, anautaka ule mfinyanzi wa kufyatulia matofali, na akishamaliza ataacha mashimo ya kufugia vyura.

Na Mkubwa, naomba usinitajie tena habari ya kukodi trekta jingine. Umezunguka juma zima na lori lako mpaka matairi yamelia, na kila uliyemfuata umemkuta na jibu moja, kwamba ameshashikwa na mwenye kinu. Kawakodi wote, wakubwa kwa wadogo, wanazunguka shambani kwake kulima palipokwisha kulimwa, udongo wa watu unakuwa unga, ilimradi tu asipatikane hata mmoja wa kuja kwetu. Yule bwana namjua, anakuja kunijulia hali na maziwa mkononi, anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, ananiuliza nimeamkaje, na macho yake yako dirishani yanaangalia kama Mkwe bado amelala.

Ndiyo, Mkwe. Mama yenu ndiye aliyelibandika trekta jina hilo, kwa sababu kila asubuhi lilitaka kubembelezwa, ukilikaripia linanuna, na wageni wakija ndiyo linakataa kabisa. Nililia sana nilipowasikia mkilivua lile turubai, nililia kwa siri, kitindamimba ulidhani ni kikohozi ukaniletea dawa. Mmefanya kazi ya watu wazima. Mlitoa kiota cha ndege kwenye bomba la moshi. Mlitia mawe na mnyororo ndani ya tangi la petroli mkalitikisa watatu mpaka kutu yote ikatoka. Pistoni zilikuwa zimeshikana kama ndugu wa tumbo moja, mkazimiminia mafuta na kuziacha zilainike, na jana nilisikia hendeli ikizunguka mzunguko mzima, nikajikuta nimekaa kitako kitandani bila msaada. Kabureta ni safi. Plagi ni safi. Kila kitu kiko tayari isipokuwa kile kidude kimoja, ambacho ningeweza kukificha ndani ya ngumi yangu hata sasa ngumi hii ilivyokonda.

Rota. Kitu cheusi kidogo chenye ulimi wa shaba, kinakaa chini ya kifuniko cha nyaya, kinazunguka na kugawa moto, plagi hii, halafu ile, halafu ile. Bila hiyo unaweza kuzungusha hendeli mpaka mkono ung'oke. Kitindamimba, uliagiza moja kupitia simu yako, ikaja nzuri, inang'aa, ya gari la harusi sijui, haikuingia. Wenye maduka ya vipuri mjini walimcheka Mkubwa usoni, mmoja akamwambia aende akaulize makumbusho. Fundi akachonga ya kwake kwa plastiki ya mpini wa bisibisi, na leo asubuhi mlisikia wenyewe, Mkwe alikohoa mara mbili, fundi akapiga kelele, mimi hapa nikapiga kelele, halafu ikanuka harufu ya kuungua na ukimya ukarudi. Moto ule umeikaanga plastiki. Kwa hiyo mashine inataka. Inataka kabisa, wanangu, inakosa kitu kimoja tu, na kitu hicho kipo, hakijavunjika wala hakijaibiwa, kipo mahali fulani alipokiweka mama yenu kwa mkono wake.

Sasa nisikilizeni kwa nini mama yenu alikuwa na kazi ya kuficha rota. Trekta lile lilikuwa la babu yenu, na babu yenu alipoondoka alituachia wawili, mimi na baba yenu mdogo, bila kusema nani ashike lini. Aliamini tutaelewana. Tulielewana msimu mmoja. Msimu wa pili baba yenu mdogo akawa anaamka mapema kuliko jogoo, analichukua, analikokotesha magogo kwa watu, analirudisha jioni halina maji wala oili, linachemka, na mimi nimeshinda na mbegu mkononi nikitazama mawingu. Tukagombana hapo uani mpaka majirani wakapanda juu ya viti kutazama. Mimi ni mkubwa, nikasema trekta litalala kwangu. Akasema basi ataendelea kulifuata. Ndipo nikaanza kung'oa rota kila jioni.

Lakini baba yenu mdogo ana kipaji kimoja, anajua ninaposema uongo, anacho tangu tukiwa watoto tunalala kitanda kimoja. Akinikazia macho, sikio langu la kushoto linawaka moto. Kwa hiyo nilikuwa namkabidhi mama yenu ile rota, namwambia, kaifiche, usiniambie ulipoiweka. Na mdogo wangu akija asubuhi akiunguruma, iko wapi rota, namwambia naapa sijui, na sikio langu linabaki baridi, maana kweli sijui! Alipekua nyumba hii. Alipekua chini ya godoro, akapekua pipa la unga akatoka mweupe mpaka kope, mama yenu akamkung'uta kwa upande wa kanga yake huku anajizuia asicheke. Baada ya siku hiyo hakuja tena. Nyumba yake iko pale, nyuma ya ua wa minyaa, moshi wa jiko lake unaingia kwenye dirisha hili, na hatujasalimiana tangu huyu kitindamimba hajaota meno. Niliwakataza hata nyinyi. Mkubwa nilikuchapa kwa kuokota embe lililoangukia upande wao.

Na mazoea yakabaki hata sababu ilipokufa. Kila jioni nang'oa, nampa, anakwenda kuficha. Kila asubuhi ananiletea kabla ya chai. Ndoa yetu yote ilikuwa hivyo. Siku ile ya mwisho nilirudi kutoka bondeni, nikang'oa, nikampa, akaizungushia kitambaa cha gauni lake kuukuu, akatoka, akarudi, tukala, akasema kichwa kinamgonga, akalala, na asubuhi chai haikuchemka. Ndiyo maana nimewaambia kwamba aliondoka na roho yangu na rota ya trekta siku moja. Mlidhani natania.

Mmeshatafuta, najua. Mmeng'oa mafiga. Mmepanda darini. Binti yangu umeshona upya mito yote baada ya kuipasua, umeingia banda la kuku kwa magoti, umetia mkono kwenye kila mtungi. Mikono yako, hebu nipe huu mmoja. Tazameni kiganja cha dada yenu. Alidhani atalifungua bonde kwa jembe la mkono, amelipiga tangu juzi, na mfinyanzi umekauka, jembe linaruka kama limepiga sakafu, amepata kipande cha kutandika mkeka mmoja tu. Nyinyi wawili mna mishahara. Mkubwa una lori, kitindamimba una kibanda chako cha kutengeneza simu na watu wanapanga foleni. Huyu alirudi kwangu na watoto wake na masanduku mawili na jicho lililovimba, na nilimwambia mlangoni, mwanangu, utakula kutoka bondeni, hutamwomba mtu. Nilimwambia mbele ya watoto wake. Bonde likienda, huyu atakuwa mgeni kwenye nyumba zenu, wake zenu watampangia chumba cha uani, mwanzoni kwa upendo, halafu kwa uso wa kununa. Msinikatalie, nimeishi, nimeona. Neno nililompa ndilo linalonikaba kifuani, maji haya ya mapafu ni mepesi mbele yake.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Fundi amenyamaza. Hata kutukana ameacha. Mungu wangu, jua limefika wapi? Limeshavuka paa la jiko.

Ngojeni. Ngojeni niikumbuke ile jioni. Alitoka na rota kwenye kitambaa, mimi nikakaa kizingitini kuvua viatu. Hakukawia. Chungu kilikuwa motoni na hakijachemka alipotoka, na aliporudi ndiyo kilikuwa kinaanza kutoa povu. Kwa hiyo ni karibu. Akakaa chini pale kwenye ngazi, na sikuzungumza naye, nilikuwa nimechoka, nilikuwa namtazama tu vidole vyake. Alikuwa anabandua kishonanguo kwenye upindo wa gauni. Moja moja. Vile vijiti vyeusi vinavyonasa nguo ukipita majanini. Alikuwa anafanya hivyo kila jioni, sasa naona, kila jioni anakaa pale anabandua kishonanguo gaunini na mimi nadhani ni tabia ya wanawake kushughulisha vidole.

Kitindamimba, kishonanguo kiko wapi hapa kwetu? Uani panafagiwa mpaka panang'aa, yeye mwenyewe alikuwa akipafagia. Njia ya kisimani imekanyagwa na watu na ng'ombe, haioti kitu. Bandani kuku hawaachi hata jani. Kiko mahali pamoja tu, kimeota mpaka magotini kwa sababu hakuna anayepita, kwa sababu mimi nilikataza mtu asipite.

Kwenye ule upenyo wa ua. Njia ya kwa baba yenu mdogo.

Mama yenu na mke wa mdogo wangu waliingia kwenye ukoo huu msimu mmoja, walifundishwa kuchota maji kisima kimoja, na tulipogombana sisi hakuna aliyewauliza wao kama nao wamegombana. Wewe mwanamke! Aliificha nyumbani kwa mwizi wake! Mdogo wangu amegeuza pipa langu la unga, na rota imelala jikoni kwake. Niacheni nicheke, hata kama inauma niacheni.

Lakini mbona shemeji hakuirudisha? Misimu hii yote miwili tumelia, trekta limeota kutu machoni pake, mbona... Unasema nini, binti yangu? Sema kwa nguvu, masikio yanavuma. Siku ya mazishi? Alikuja? Alikuja akafika mpaka wapi? Na mkono ulikuwa wapi, ndani ya mtandio? Umefumbwa?

Mkubwa, inua uso. Ni kweli ulimsimamisha getini? Ulimwambiaje? "Baba hataki mtu wa nyumba yenu." Na yeye akafanyaje? Alisimama, halafu akageuka na ngumi yake. Usilie, mwanangu mkubwa. Ulisema nililokufundisha, ulikuwa unanilinda, na hakuna mtoto mwingine katika nchi hii ambaye angemfukuza mama yake mdogo na rota mkononi, isipokuwa mtoto niliyemlea mimi. Na yeye angemwambia nani? Akimwambia mumewe, anajifichua kwamba alimficha jambo ndani ya nyumba yake tangu ujana. Akija kwetu, geti limefungwa. Amekaa nayo. Maskini shemeji yangu, amekaa na rota yetu na msiba wake bila mtu wa kumuuliza.

Simameni. Mkubwa, ni wewe utakayekwenda. Pitia ule upenyo, hata ukirarua nguo zako, usizunguke barabarani. Ukifika vua viatu. Mwamkie yeye kwanza, shikamoo mama, kabla hujamwamkia mumewe, na kama baba yako mdogo yuko hapo kibarazani na atakuwa yuko, maana ni saa yake ya kukaa, usimvute mama yako pembeni kumnong'oneza, imetosha minong'ono. Sema wazi mbele ya wote wawili. Sema kaka yako ameniagiza, anasema trekta ni lenu wawili kama baba alivyosema, nyumba ile na nyumba hii, na yeye ndiye aliyeliweka ndani, na anaomba mama asiulizwe neno kwa kulinda kitu cha watu. Sema hivyo hivyo. Na kama atakutukana, simama utukanwe, ni baba yako. Halafu useme kaka yako anakufa na bonde linakwenda. Nenda! Kimbia, una miguu ya nini?

Nishikeni, msinilaze. Nikilala maji yanapanda.

Acha nimalizie mengine wakati tunamngoja, nisipoongea nitakuwa nasikiliza njia na moyo wangu hauwezi. Nyumba hii ni yenu watatu, isiuzwe, wala mtu asitolewe humu ndani. Ng'ombe mwekundu ni wa kitindamimba, uache kununua maziwa ya pakiti kama mpangaji. Spana zangu zote na jeki ni za Mkubwa, ila mkebe wa plagi ubaki hapa. Bonde ni la binti yangu huyu, na nasema mbele yako wewe mdogo wake ili uwe shahidi, msije mkaniletea kule niliko habari kwamba mwanamke hashiki ardhi. Atalima, na akiwa na chakula mtakula, na msipomkuta nyumbani msubirini mlangoni. Mimi nizikeni kando ya mama yenu, bila mbwembwe, msikodi viti. Na mwenye kinu akija na maziwa yake mpokeeni, myanywe, mumshukuru.

Jua likoje? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, niambie. Limekaribia minazi. Basi bado kidogo ipo. Nusu ya bonde, Mkwe akiwa amekubali vizuri, nusu ya bonde inawezekana. Inawezekana kweli? Binti yangu, sema inawezekana.

Mbona anakawia. Amekataa. Mdogo wangu amekataa, na ana haki, ningekuwa mimi... ningekataa pia. Tumemfungia geti siku ya msiba. Ameshaitupa shimoni ile rota, yuko pale anavuta kiko, anangoja kusikia kilio kutoka kwangu. Ee Mungu, nimemwahidi mtoto huyu. Nimemwahidi mbele ya watoto wake.

Nyamazeni.

Hiyo siyo hatua ya Mkubwa. Mkubwa anakanyaga kwa kisigino. Hiyo ni hatua ya mtu anayeburuta mguu wa kulia, aliuvunja tukiruka mfereji, mimi ndiye niliyemwambia aruke.

Mdogo wangu.

Ingia, usisimame mlangoni, unanizibia mwanga. Umezeeka, ewe! Na hicho kishonanguo, umejaa mpaka kiunoni. Shemeji, karibu, karibu ukae kitandani, hiki ni kitanda cha mwenzako. Mnaona, wanangu, kile kitambaa? Maua ya bluu. Ni gauni lake. Nipeni nikishike, halafu rota iliyomo muipeleke haraka kwa fundi. Inama, mdogo wangu, sikusikii. Unasema nini? Kwenye kopo la chumvi? Lako? Chumvi uliyotia kwenye chakula chako siku zote hizo! Cheka basi, cheka, mbona unalia, wewe ndiye uliyetoka mweupe kwenye pipa langu... Na sikio langu, litazame. Ni baridi. Sikujua, naapa sikujua.

Hakuna muda. Tutalia baadaye, nyinyi mtalia baadaye. Mdogo wangu, nenda kashike hendeli, hawa hawajui, wanaizungusha kwa hasira. Wewe ndiye ambaye Mkwe alikuwa akikusikiliza. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, likirusha hendeli nyuma lisikuvunje mkono. Bembeleza kwanza, vuta juu, usisukume chini. Na plau ishikwe nyuma na Mkubwa. Anayeendesha ni binti yangu. Siyo Mkubwa, Mkubwa atalikimbiza kama lori. Binti yangu, gia ya pili, usibadilishe. Anzia upande wa njia, wanakosimama kamati. Ukifika katikati penye unyevu usisimame hata kama ng'ombe amelala mbele yako. Nenda, mama. Usinibusu, nenda.

Shemeji, kaa nami. Sogeza kitanda kidirishani. Hivyo.

Anazungusha. Hakuna. Bembeleza, nimesema. Anazungusha tena. Amekohoa... umesikia? Tena, mdogo wangu. Tena... tena, usichoke, wewe hukuchoka kunisumbua, tena...

Ah.

Ah, Mkwe. Sikilizeni. Tatu tu ndizo zinapiga... sasa nne. Zote nne.

Kitindamimba, kimbia, uwaambie... nisikilize vizuri, nguvu inaisha. Waambie likishawaka lisizimwe. Wasije kuniaga. Mama yenu alipokufa tulizima kila kitu... jiko, trekta, redio, tukakaa chini, na bonde likawa majani. Safari hii hapana. Petroli wamimine likiwa linanguruma. Kamati ikija ikute linalima. Waambie nawapa radhi zangu zote... wote, na nyumba ile, na watoto wa nyumba ile. Mungu awape mikono yenye nguvu na... mioyo isiyokawia. Nenda. Linatoka getini. Nalisikia linageuka... linashuka.

Shemeji, ukiona nimenyamaza, lifunge dirisha, ukae. Usipige kelele. Tumekubaliana... eh, shemeji? Mpaka bonde liishe.

Nalisikia bado. Waambie... nikinyamaza, wasizime.